Kitabu cha Pili: Historia ya Kusoma Chini ya Milima ya Upare

Msafiri atokaye Same kwa njia ya mashariki, akaiacha reli na barabara kuu upande wa pili wa milima, hupita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio kabla ya kuwasili Bendera, na katika mwendo huo wote huwa na milima ya Upare ya Kusini kuumeni kwake na tambarare ya Mkomazi kushotoni. Bendera ni makazi ya wakulima na wafugaji karibu na ncha ya kusini ya safu hiyo, mahali ambapo mkoa wa Kilimanjaro unakaribia kukutana na mkoa wa Tanga. Na ijapokuwa wapitao ni wengi, wachache huuliza watu wa huko walijifunza vipi kusoma, au walisoma nini baada ya kujifunza. Swali hilo lina maana zaidi siku hizi, ambapo wapenzi wa elimu hulisifu shindano la watoto la kusoma vitabu wakati wa likizo kana kwamba ni jambo lisilopata kuonekana kwetu. Kwa hakika watu wa milima hii na wa tambarare zake wamekwisha kuitwa mara kadhaa katika shindano la kusoma, na kila mara walijifunza herufi kwa bidii, wakafaulu, kisha wakakosa kitu cha kusoma.

Shindano lenyewe, katika umbo linalojulikana leo, asili yake ni maktaba za miji ya Marekani, kama vile Cleveland na Pittsburgh, ambako mwishoni mwa karne ya 19 wakutubi walianza kutafuta njia za kuwavuta watoto waje kusoma katika miezi ya joto ambayo shule hufungwa. Uingereza nayo ilianzisha shindano la nchi nzima mwaka 1999, ambalo ndani yake mtoto wa miaka minne hadi kumi na mmoja hujiandikisha katika maktaba ya mtaa wake, akaazima na kusoma vitabu, kwa desturi sita, katika likizo, akipata tuzo ndogo njiani na hati ya sifa akamilishapo. Hapana ajabu yoyote katika kanuni zake, wala mtoto hapimwi kwa mtihani. Nguvu yake yote imo katika rafu, kwa kuwa mtoto amalizapo kitabu cha kwanza hukikuta cha pili kinamngoja, na mkutubi yupo wa kumwonyesha cha tatu.

Huku kwetu hakuna likizo ya kiangazi ya namna ile. Shule hufungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, na mtoto wa tambarare aghalabu hana likizo ila kwa jina, maana huwa kondeni akiwinga ndege kwenye mpunga, au malishoni nyuma ya mbuzi, au nyumbani akilea mdogo wake wakati mama yuko shambani. Hata hivyo, desturi ya kuhesabu hatua za msomaji mchanga na kumtukuza hadharani afikapo mwisho ilikuwako katika nchi hii zamani sana, kabla ya maktaba yoyote kujengwa.

Kabla ya herufi, elimu ya Wapare ilihifadhiwa vifuani. Vijana walipelekwa mshitu, yaani katika msitu wa jando, ambako walifundishwa mila, siri za wazee na adabu za kuishi na watu, na aliyetoka huko alihesabiwa kuwa mtu kamili. Herufi zilikuja na misafara. Katika karne ya 19 njia moja ya biashara itokayo Pangani na Tanga kwenda Kilimanjaro ilipita upande huu wa mashariki wa milima, nazo Gonja na Kisiwani zilikuwa vituo mashuhuri ambapo wapagazi walinunua chakula na wafanyabiashara wa pembe walipumzisha watu wao. Na pamoja na nguo, shanga na baruti wakaja watu waliojua kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu. Kadiri Uislamu ulivyoenea, vikaja vyuo vya Kurani, na pamoja navyo utaratibu ambao watoto wa pwani walikuwa wameuzoea tangu karne nyingi: mtoto huanza na alifu, akaingia juzuu ya Amma, kisha akapanda juzuu hadi juzuu mpaka zote 30 zitimie, na siku ya kuhitimu jamaa na majirani wakaalikwa, mwalimu akapewa hidaya yake, na mwanafunzi akatukuzwa mbele ya watu wote. Maadamu mtoto alisoma kwa hatua zinazohesabika, na kila mtu mtaani alijua amefika wapi, aibu ya kubaki nyuma na furaha ya kutangulia vilimsukuma mbele, si fimbo peke yake.

Wamisionari nao walikuja na shindano la namna yao. Walutheri wa Leipzig walijenga vituo vyao Upare mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa upande wa kusini Vudee, Mbaga na Gonja zikawa majina ya kujulikana. Waadventista kutoka Ujerumani, ambao wenyeji waliwaita Wasabato, walifika mwaka 1903, wakaanza kazi Mamba Giti, baadaye wakajenga Suji na mahali pengine. Mmoja wao, Ernst Kotz, aliisoma Chasu, lugha ya Wapare, kwa makini hata akachapisha kitabu cha sarufi yake mjini Berlin mwaka 1909, na pia alijitaabisha kulifasiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Katika misheni nyingi za Afrika Mashariki mtu aliyejiandaa kubatizwa aliitwa msomaji, na Upare haikuwa mbali na kawaida hiyo, kwani mwenye kutaka ubatizo au kipaimara ilimpasa ajifunze mafundisho ya dini, na kusoma ndiko kulikokuwa ngazi ya kupandia. Hivyo shule ikawa mlango wa kanisa, na milima ya Upare ikapata shule nyingi za vijijini mapema kuliko sehemu kubwa ya nchi. Lakini rafu ya msomaji huyo ilikuwa fupi: kitabu cha kwanza cha herufi, kitabu cha nyimbo, mafundisho ya dini na sehemu za Maandiko. Aliyevimaliza hivyo alivirudia.

Wakati huohuo jambo jingine lilitokea ambalo liliiathiri Bendera na jirani zake kwa muda mrefu. Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kufikia mwaka 1911 ilikuwa imefika Moshi. Nayo haikufuata njia ya zamani ya misafara, bali ilipita upande wa magharibi wa Upare, kwa Hedaru, Makanya na Same. Posta, maduka na ofisi za serikali vikaifuata reli, na upande wa mashariki, uliokuwa mlango wa habari na wageni, ukageuka kuwa nyuma ya nyumba. Gazeti la Kiongozi, lililochapishwa katika shule ya serikali ya Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne ile, lilisomwa na makarani, walimu na maakida, nalo liliwafunza wengi kuandika habari za kwao kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Lakini gazeti lisafirilo kwa treni huwafikia kwanza walio karibu na stesheni. Vita vikuu vilipoingia, majeshi ya Waingereza yakashuka katika nchi hii mwaka 1916, Kiongozi likanyamaza mwaka huohuo, na wamisionari Wadachi wakaondolewa vituoni mwao, hata shule nyingi zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, ambao wengi wao waliendelea kufundisha pasipo mshahara wala vifaa. Wao ndio waliookoa kusoma katika milima hii, na historia haijawapa haki yao.

Amani iliporudi, serikali ya Waingereza ilianzisha Mambo Leo mwezi wa Januari 1923, gazeti la kila mwezi ambalo kwa miaka mingi lilikuwa chuo cha wasomaji wa Tanganyika: ndani yake mlikuwa na habari za ulimwengu, maarifa ya kilimo na afya, barua, mashairi ya washindani kutoka kila wilaya, na hadithi zilizogawanywa sehemu kwa sehemu. Nakala moja ilisomwa na mmoja na kusikilizwa na wengi. Mwaka 1929 vikatoka vitabu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vilivyofasiriwa na Frederick Johnson, na mwaka uliofuata ikaundwa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili na kuvipitisha vitabu vya shule. Kwa mara ya kwanza mtoto Mpare aliyejua Kiswahili angeweza kusoma hadithi kwa furaha tu, pasipo kuulizwa maswali ya imani wala ya hesabu. Tatizo lilikuwa bei na umbali. Kitabu kilikuwa Dar es Salaam au Tanga, nacho kilikuwa mali ya shule, kikafungiwa kabatini shule ilipofungwa. Hivyo likizo, ambayo ndiyo wakati wa kusoma kwa hiari, ilikuwa wakati ambao vitabu havikuonekana.

Matunda ya kusoma huko, hata hivyo, yalidhihirika katika mkasa wa mbiru. Katika miaka ya vita vya pili serikali iliweka Upare kodi ya daraja iliyopimwa kwa mali ya mtu, iliyojulikana kwa jina la mbiru, na Wapare wakaikataa. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakapiga kambi Same, wasitumie silaha wala matusi, wakadai kusikilizwa. Na pamoja na subira yao walitumia kalamu, wakapeleka malalamiko yao kwa maandishi kwa wakubwa wa serikali. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, ameieleza habari hii kwa urefu katika vitabu vyake, na kwayo tunaona kwamba watu waliosomeshwa ili wapate kuimba nyimbo za kanisani na kuandika hesabu za chama walikuwa wamepata pia uwezo wa kuhojiana na dola. Kodi ile ikafutwa hatimaye.

Yumkini ni baada ya kuona jinsi watu hawa walivyo ndipo serikali ikaichagua Upare, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kuwa mahali pa kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika pamoja na kazi za maendeleo vijijini. Kampeni ilianzia upande wa kaskazini ikaenea kusini, walimu wa kujitolea wakaongoza madarasa, wake kwa waume wakakaa penye mbao za kuandikia. Jambo lililoitofautisha kampeni hiyo na nyingine nyingi ni kwamba waendeshaji wake walitambua mapema kuwa mtu aliyejifunza kusoma huisahau elimu yake asipopewa cha kusoma, wakaanzisha gazeti la wilaya lililoitwa Habari za Upare, ambamo msomaji mpya alikuta majina ya vijiji anavyovijua, bei za mazao yake na maneno ya watu wake. Nathubutu kusema kwamba katika historia yote ya kusoma katika milima hii hakukuwa na wazo jema kuliko hilo, na kwamba lilidumu kwa muda mfupi mno.

Katika miaka hiyohiyo ilikuwako Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 na makao yake makuu yakiwa Nairobi chini ya Charles Richards. Idara hiyo ilichapisha vitabu, na mashindano yake ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 ndiyo yaliyompa ushindi Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Lakini kwa mtu wa mahali kama Bendera kazi yake yenye thamani zaidi ilikuwa masanduku. Sanduku la vitabu lilipelekwa shuleni au katika nyumba ya maendeleo, likakaa kwa muda, kisha likarudishwa na jingine likaletwa. Na aliyekaa mbali na kila kituo aliweza kuweka amana kidogo akaletewa vitabu kwa posta. Utaratibu huo ulikuwa rahisi, haukuhitaji jengo wala mkutubi mwenye shahada, na ulijibu swali lile lile la kitabu cha pili ambalo shule na misheni zilikuwa zimeliacha wazi.

Baada ya uhuru sheria ya mwaka 1963 iliunda shirika la huduma za maktaba la Tanganyika, lililoanza kazi mwaka 1964 na kuurithi utaratibu huo. Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ikiwa na sehemu yake ya watoto, na maktaba za mikoa zikafuata, Moshi ikiwa mojawapo. Mtoto wa Moshi akapata chumba chenye meza fupi na vitabu vya picha, ilhali mwenzake wa Bendera, ambaye kwa barabara yoyote aifuatayo yuko zaidi ya kilomita 150 kutoka chumba hicho, alikuwa na haki ya kukitumia lakini hakuwa na njia.

Kisha ikaja kampeni kubwa kuliko zote. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya sita zikateuliwa zifute kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Dodoma na Pare, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Same na Mwanga za leo. Huo ndio uliokuwa mwito wa wazi kuliko wote uliopata kutolewa kwa watu wa milima hii, wenye siku ya mwisho, wapinzani wa kupimana nao na taifa zima likitazama. Walimu wa shule za msingi, wanafunzi, makarani na viongozi wa dini waliombwa wafundishe. Vitabu vya kwanza viliandikwa kwa kufuata kazi za watu, pamba hapa na uvuvi kule. Na mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ukawapanga wasomaji katika ngazi nne, ya juu kabisa ikiwa ya yule awezaye kusoma gazeti na kutafuta maarifa kitabuni mwenyewe. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kufikia 1975 walikuwa chini ya asilimia 40, na mwaka 1986 walihesabiwa kuwa asilimia 10 hivi. Mataifa tajiri yalikuja kujifunza kwetu, wala sifa hiyo haikuwa ya uongo.

Lakini ushindi huo ulifika pamoja na njaa ya karatasi. Kuanzia mwaka 1977, mwaka ambao elimu ya msingi kwa wote ilianza na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, uchumi ulidhoofika, vita vya Kagera vikala fedha za nchi, na vitabu vikawa adimu hata shuleni, ambako watoto wengi waliegemeana juu ya nakala moja iliyochanika jalada. Mtu aliyefika ngazi ya nne hakuwa na gazeti la kusoma, na baba na mama waliofundishwa kwa jasho usiku wakaanza kusahau. Elimu isiyotumika hupata kutu kama jembe lililoachwa mvuani. Wala hapana haki ya kuwalaumu wenyewe kwa uvivu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutimiza sehemu yao ya mapatano.

Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, umefanya kazi ya kuunga kamba hii iliyokatika: hununua sehemu ya nakala za kitabu kipya cha watoto na kuzigawa mashuleni, hata mchapishaji akathubutu kuchapisha, huwafundisha walimu, na katika matamasha ya kusoma husimamisha hema uwanjani, likajazwa vitabu, ambamo watoto husoma, husimuliana, huchora na kuigiza waliyoyasoma. Ndani ya hema hilo shindano la kusoma limepata sura ya Kiafrika Mashariki, maana watoto hushindana kwa sauti na kwa pamoja, hadhira ikashangilia, kama walivyoshangiliwa wahitimu wa chuoni zamani. Upungufu wa hema ni kwamba hufika leo na kuondoka kesho.

Historia hii yote inatufunza jambo moja lililo wazi. Shindano la likizo halikosi washindani huku chini ya milima, kwani watu hawa hawakupata kukataa mwito wa kusoma, uwe wa mwalimu wa chuo, wa mmisionari, wa serikali ya kikoloni au wa Mwalimu Nyerere. Kinachokosekana ni vitabu vinavyobaki shule inapofungwa. Shule yenye watoto 40 wa rika la kusoma haihitaji nakala 240 ili kila mmoja asome vitabu sita. Nakala 60 za namna mbalimbali, zikizungushwa kila siku ya tano, zinatosha likizo ya mwezi mmoja na kuacha akiba ya wanaochagua. Hesabu hiyo ni ya sanduku moja au mawili, ya namna ile ile iliyopita kwa mabasi na treni katika miaka ya 1950, na mlinzi wake aweza kuwa mwalimu mstaafu, imamu, mchungaji au karani wa kijiji mwenye daftari na kufuli. Kwa kuwa mtoto wa huku ana kazi likizoni, shindano lake lisimtake akae mezani saa nyingi. Asome kivulini anapopumzika kuwinga ndege, asome jioni kwa bibi asiyejua herufi, na kitabu alichomsomea mtu mwingine kihesabiwe mara mbili.

Basi nawaomba Wapare walioko mijini, ambao wengi wao walifika huko kwa sababu mtu mmoja zamani aliwapa kitabu, na ninaiomba halmashauri ya Same pamoja na wenye dhamana ya maktaba mkoani, kwamba kabla ya kutangaza shindano, kabla ya kuchapa hati za sifa na kukaribisha wageni wa heshima, wapeleke kwanza sanduku. Lifike Bendera wiki moja kabla ya shule kufungwa mwezi wa Juni, na lirudi mwezi wa Desemba likiwa na vitabu vingine.